Alhamisi Iliyofutwa



Alhamisi ya tarehe 21 Februari 1974, kipindi cha muziki cha BBC, Top of the Pops, kilikuwa na pengo. Filamu ya David Bowie iliyotarajiwa kuonyeshwa haikupatikana. Ikatafutwa bendi ya kuziba, haraka haraka, wakaitwa vijana wanne ambao Waingereza wengi walikuwa hawajapata kuwatia machoni: Queen. Mwimbaji wao alikuwa mzaliwa wa Unguja, Farrokh Bulsara, aliyeondoka visiwani na familia yake mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, na ambaye sasa alijiita Freddie Mercury. Wimbo ulikuwa Seven Seas of Rhye. Santuri yenyewe ilikuwa bado haijafika madukani. Kampuni ya EMI ikakimbizana kuitoa, na ikapanda hadi kumi bora. Inasimuliwa kwamba vijana hao, kwa kukosa televisheni, walijitazama kupitia kioo cha duka la vifaa vya umeme.

Mkanda wa usiku ule BBC hawakuuweka. Ulifutwa.

Haukuwa peke yake. Top of the Pops ilianza Januari 1964, na vipindi vilivyosalia vizima kutoka miaka yake ya mwanzo ni vya kuhesabu kwa vidole. Mkanda wa video wa enzi hizo ulikuwa mpana wa inchi 2, mzito, wa bei ya kuumiza. Kipindi kikisharushwa, mkanda unasafishwa na kurekodiwa kingine. Kukirudia hewani kulikuwa na gharama zake, maana wanamuziki walipaswa kulipwa upya. Basi nyimbo za vijana zikachukuliwa kama gazeti la juzi, la kufungia maandazi. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo utunzaji ulipoanza kufanywa kwa utaratibu wa maana. Hesabu za mhasibu naweza kuzielewa. Kinachonishangaza ni kwamba ndani ya jengo la BBC lililojaa watu wa muziki, waliopiga kelele walikuwa wachache.

Matokeo yake, waliokuwa na miaka 12 au 13 usiku ule sasa ni babu na bibi, na kila mmoja amebaki na Queen yake kichwani. Wakikutana, hapo ndipo raha. Utasikia habari za sahani ya chakula cha jioni mapajani, baba akiuliza yule ni mvulana au msichana, dada mkubwa akiwanyamazisha wote. Mmoja ataapa kwamba walipiga laivu, wakati pleibeki ndiyo iliyokuwa desturi ya kipindi. Mwingine anakumbuka rangi za nguo zao moja baada ya nyingine. Huyu ndiye nimpendaye kuliko wote, kwa sababu mwaka 1974 nyumba nyingi za Uingereza bado zilikuwa na televisheni ya nyeusi na nyeupe, na Queen wenyewe siku hizo walipenda kupanda jukwaani wamevaa nyeusi na nyeupe.

Wapo wanaowacheka wazee hawa. Mimi nawapa heshima yao, kwa sababu mengi yaliyookolewa yameokolewa na watu wa aina yao, watu ving'ang'anizi. Chukua The Beatles. Tarehe 16 Juni 1966 walifika wenyewe studioni Top of the Pops, mara yao ya pekee kutokea humo moja kwa moja, na mkanda ukafutwa kama kawaida. Lakini jioni ile familia moja ya Liverpool ilikuwa imeielekeza kamera yake ya milimita 8 kwenye kioo cha televisheni sebuleni. Filamu hiyo ikaja kuibukia kwa mkusanyaji mmoja huko Mexico, na mwaka 2019 dunia ikaonyeshwa sekunde 11. Sekunde 11, tena bubu! Watu wazima walizitazama huku wakifuta machozi.

Au mchukue mpiga picha John Henshall. Januari 1973 alikuwa nyuma ya kamera studioni, Bowie na bendi yake wakipiga The Jean Genie, na safari hii walipiga laivu kweli. Henshall alikuwa ametengeneza lenzi yake mwenyewe ya kupinda picha, akaomba nakala ya mkanda ili awe na cha kuonyesha kazi ya lenzi yake. Akakaa nayo karibu miaka 40. Nakala ya BBC ilishafutwa zamani, na yeye hakujua kwamba iliyo kwake ndiyo iliyobaki. Ilipojitokeza mwaka 2011, mabishano ya miongo kadhaa kuhusu nani alisimama wapi na harmonika ilipulizwaje yakakatika siku moja. Nadhani wapo waliosikitika.

Sisi huku tuna kilema cha upande wa pili. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Bendi zetu zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa hiyo mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, tunaye kwa sauti, na tunamjua nota kwa nota. Lakini alivyolishika gitaa, alivyogeuka kumtazama mpiga ngoma, hayo kayabeba aliyekuwapo ukumbini, na aliyekuwapo ukumbini naye hutia chumvi kama mwenzake wa London. Atie tu. Ukimpata, washa simu urekodi, na umwombe aanze na jina la ukumbi, kisha mwaka, kisha nani walikuwa jukwaani. Chumvi ifuate baadaye.