Mzigo Uliokwisha Fika Tabora
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita)



Nilipokuwa nikikaa huko nyuma mlikokaa ninyi vijana, wageni kama mimi walikuwa wakija kutuambia tusome kwa bidii, nasi tulikuwa tukipiga makofi huku tukingoja chakula. Kwa hiyo leo sitawaambieni msome kwa bidii. Mnasoma. Nataka kusema juu ya jambo jingine, yaani kile mnachokwisha kukisoma kinahesabiwa wapi.

Mji huu wetu ulijengwa na mizigo. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo na nguo za merekani, shanga na nyaya za shaba, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa njia ya zaidi ya kilomita 800. Hapa mizigo ilitua. Ilihesabiwa, wapagazi wakalipwa, wengine wakaajiriwa, na safari ikaanza tena: wengine magharibi hadi Ujiji na kuvuka ziwa kwenda Manyema, wengine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Msafara uliotaka kwenda Ujiji uliendelea kuanzia hapa. Hakuna mfanyabiashara aliyerudisha shanga zake Bagamoyo ili zianze kubebwa upya, kwa sababu tu kirangozi amebadilika.

Lakini katika elimu sisi tunafanya hivyo, na nitawapeni ushahidi wangu mwenyewe.

Tulikuwa watatu tuliokaa dawati za jirani katika mchepuo wa EGM. Mwalimu wetu wa Uchumi alikuwa mkali, na kabla ya mwisho wa Kidato cha Tano tulikuwa tukichora mistari ya mahitaji na ugavi usingizini. Mimi nilipata nafasi chuo kikuu. Katika muhula wa kwanza mhadhiri alisimama akaanza na mistari ile ile. Nilifurahi sana. Nikaacha kuhudhuria baadhi ya mihadhara, nikajiona bingwa. Muhula ule nilifaulu bila jasho. Muhula wa pili yakaja mambo ambayo sikuyajua, nami nilikuwa nimekwisha kuzoea uvivu. Nilinusurika kwa kurudia mtihani mmoja, na aibu ile ninayo mpaka leo. Kosa lilikuwa langu, silikatai. Lakini nusu mwaka wa ujana wangu na fedha za Serikali zilitumika kunifundisha nilichokuwa nakijua.

Mwenzangu wa pili ndiye ninayemfikiria zaidi. Jina lake silitaji, maana hakunipa ruhusa. Alikuwa akitushinda sote katika Uchumi. Somo jingine moja lilimwangusha, akakosa nafasi ya chuo kikuu. Baadaye alipopata nafasi ya kusoma stashahada katika chuo kimoja, aliandikishwa mwaka wa kwanza, akaanza ukurasa wa kwanza: mahitaji na ugavi. Miaka miwili ya Kidato cha Tano na cha Sita ilikuwa ufunguo wa kufungulia mlango tu. Ndani ya chumba haikuhesabiwa hata kidogo. Aliniandikia barua akasema anajiona kama mtu aliyefika Tabora kwa miguu, akaambiwa arudi pwani. Mfano huu wa misafara, ndugu zangu, ni wake. Mimi nimeuazima.

Wapo watakaosema: shule ni shule, chuo ni chuo, tusichanganye. Lakini mpaka huu umekwisha kusogezwa huko nyuma. Kabla ya kuwapo Kidato cha Tano na cha Sita katika nchi yetu, kijana aliyefaulu Kidato cha Nne alikwenda Makerere, na huko alisoma kwanza masomo ya maandalizi kabla ya kuingia katika shahada yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kazi hiyo ikateremshwa shuleni. Kwa hiyo ninyi mlioko Kidato cha Sita mmekaa juu ya masomo ambayo zamani yalikuwa ya chuo. Masomo yaliteremka, hesabu yake ya chuo haikuteremka nayo.

Tena kumbukeni Mwalimu Nyerere. Alisoma hapa Tabora tangu 1937, akaenda Makerere mwaka 1943, akarudi mji huu huu kufundisha St. Mary's. Akiwa mwalimu, mbali kabisa na Uingereza, alifanya mtihani wa kuingilia wa Chuo Kikuu cha London, akafaulu Januari 1948. Mwaka uliofuata alikwenda Edinburgh. Chuo kile hakikumwambia kwanza aje London ndipo apimwe. Alipimwa alipokuwapo.

Huko Marekani jambo hili limekuwa la kawaida. Chuo Kikuu cha Connecticut kilianza mwaka 1955 kuwapa wanafunzi wa sekondari kozi zake. Kozi inafundishwa shuleni na mwalimu wa shule aliyekubaliwa na chuo, kwa mpango wa masomo wa chuo, na anayefaulu anaandikiwa alama za chuo kabla hajamaliza shule. Sisemi kwamba huko hakuna matatizo. Vyuo vingine hukataa alama za wenzao, na shule za maskini ambazo hazina walimu wa kutosha huachwa nyuma. Tukiiga, tuige na macho wazi.

Je, hapa kwetu tunakosa nini? Vyuo tunavyo. Anayetoka katika lango la shule hii anaweza kufika, mjini humu humu, Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, Chuo cha Utumishi wa Umma, Chuo cha Ualimu, Chuo cha Reli na Chuo cha Nyuki. Chuo Kikuu Huria kina kituo chake. Kipimo pia tunacho: krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu ni krediti zisizopungua 360. Aidha, tangu 2024 wanafunzi wa mkondo wa amali katika baadhi ya sekondari wanajifunza ufundi wakiwa shuleni, na Serikali imekubali kwamba ujuzi huo upimwe na kutambuliwa kama ufundi, sio kama somo la pembeni. Ikiwa mwashi anaweza kuhesabiwa akiwa sekondari, kwa nini mchumi asihesabiwe?

Pendekezo langu ni dogo. Ichaguliwe kozi moja tu ya mwaka wa kwanza, inayofanana na kile kinachofundishwa Kidato cha Sita. Chuo kitunge mtihani wake na kuusahihisha. Kijana atakayefaulu apewe cheti cha krediti zile, na chuo chochote kitakachompokea kizihesabu. Asiyefaulu asipoteze kitu. Mtihani wake wa Taifa uko palepale.

Nazijua hoja za kupinga, maana mimi mwenyewe ni mtumishi wa Serikali na kazi yangu ni kusoma madokezo ya watu wanaopinga. Watasema wanafunzi wana mzigo mzito tayari. Ni kweli, ndiyo maana nasema kozi moja, tena iwe kwa hiari. Watasema walimu hawatoshi. Ni kweli pia, na hapo ndipo wahadhiri walioko mjini wanaweza kusaidia.

Ipo hoja moja inayoninyima usingizi. Shule hii ilianzishwa kwa ajili ya watoto wa machifu. Leo ni shule ya vipaji maalumu. Tukianzisha jambo hili hapa peke yake, tutakuwa tumewaongezea waliokwisha kuongezewa. Kwa hiyo nasema wazi: kozi hiyo ikianza, siku ya kwanza katika darasa lile wawepo wanafunzi wa sekondari nyingine za mkoa huu, wavulana kwa wasichana, hata kama itabidi tuwalipie nauli. Ikishindikana hivyo, afadhali isianze.

Wanafunzi wenzangu wa zamani, wengi wenu mnafundisha vyuoni au mmekaa katika mabaraza yanayopitisha mambo haya. Sikuombeni fedha leo. Naomba kila mmoja aulize chuoni kwake swali moja: mwanafunzi akija na kitu anachokijua tayari, tunamfanya nini? Mimi kwa upande wangu nitaliandika jambo hili kwa mkono wangu na kulipitisha katika ngazi zinazohusika, na mkutano ujao nitasimama hapa kuwaelezeni lilipokwamia, kama litakuwa limekwama.

Nanyi vijana, msingoje sisi. Ulizeni katika vyuo hivi vya jirani mpewe orodha ya mada za mwaka wa kwanza, muilinganishe na madaftari yenu, mjue mmefika wapi. Siku mtakapokaa katika ukumbi wa mihadhara mkasikia jambo mnalolijua, msilale kama nilivyolala mimi.

Mwenzangu yule alimaliza stashahada yake, akaendelea, na hatimaye akapata shahada. Alichukua miaka mingi kuliko mimi, naye alikuwa bora kuliko mimi. Miaka ile hatuwezi kumrudishia. Tunaweza kuiokoa ya wadogo zake waliokaa hapa mbele yetu.