Ubao Mama wa Zamani Usiowaka: Uchunguzi wa Chanzo na Suala la Betri Inayovuja

Mada kwa semina ya mafundi wa kompyuta, walimu wa ufundi na watunza stoo

Utangulizi

Waandaaji wameniomba nieleze namna ya kuchunguza ubao mama wa kompyuta ya zamani uliokataa kuwaka. Kwa mada hii, mashine za zamani ni zile za prosesa 286, 386 na 486. Intel ilitoa 386 mwaka 1985 na 486 mwaka 1989. Maana ya ubao mama, BIOS na kumbukumbu wote tuliomo humu tunaijua, kwa hiyo naipita.

Niseme tu kwa nini jambo hili linatuhusu. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na katazo lilipokuja kulegea, 386 na 486 zilikuwa miongoni mwa mashine ambazo watu wengi walijifunzia kazi. Zilizobaki ni sehemu ya historia yetu. Nyingine bado zinahitajika kazini, kwa sababu kuna mtambo unaoendeshwa na kadi ya ISA isiyoingia kwenye kompyuta ya leo.

Hatua za awali

Uchunguzi unaanza na umeme, hauanzi na chipu. Plagi za P8 na P9 zichomekwe nyaya nyeusi zikikutana katikati. Zikigeuzwa, ubao unaungua. Bakiza kadi ya picha tu. Ugavi wa umeme ukijizima papo hapo, kuna shoti, na mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita za tantalamu, hasa zilizo kwenye njia ya volti 12.

Asiye na mchoro wa ubao asikate tamaa, kwani sloti ya ISA ni kituo tosha cha vipimo. B1 ni ardhi, B3 ni volti 5, B5 ni hasi 5, B7 ni hasi 12, B9 ni 12. Pini ya B2 ndiyo ya kuweka upya mfumo: mashine ikishawashwa, inapaswa kushuka hadi karibu na sifuri. Ikibaki juu, prosesa imezuiwa kuanza, na kubadilisha BIOS au RAM ni kupoteza fedha. Fuatilia pini ya kwanza ya P8, ambayo kwa kawaida waya wake ni wa rangi ya chungwa. Ndiyo inayouarifu ubao kwamba umeme umetulia. Mwenye osiloskopu apime pia B30, ambapo lazima pawe na mapigo ya megahezi 14.318.

Kadi ya kujipima ikionyesha 00 au FF bila kubadilika, mara nyingi prosesa haijasoma hata amri ya kwanza ya BIOS. Hayo yanatosha, maana yamo katika kila kitabu cha ufundi.

Betri

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimeshindana nalo kwa miaka. Mbao nyingi za enzi hizo zina betri ndogo ya mviringo, mara nyingi ya buluu au ya kijani, iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye ubao. Ndani yake mna seli 3 za nikeli na kadimi, kila moja volti 1.2, jumla volti 3.6. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio. Mashine ikiwaka, ubao unaichaji. Ikikaa stoo miaka mingi, betri inaisha kabisa, mihuri yake inalegea, na kimiminika cha ndani kinatoka.

Kimiminika hicho ni haidroksaidi ya potasiamu, ambayo ni alkali. Mafundi wetu wengi wamelelewa na betri za magari, zenye asidi, na wakiona ukoko mweupe wanakimbilia magadi. Magadi nayo ni ya upande wa alkali! Hayaondoi kitu. Kinachotakiwa ni siki, ambayo ni asidi dhaifu. Nimelisema hili katika kila mafunzo niliyopewa nafasi, na bado naletewa mbao zilizosuguliwa kwa magadi huku shaba ikiendelea kuliwa. Ule ukoko unavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo katika hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar unaloa tena na kuendelea na uharibifu.

Madhara yake hayaonekani yote kwa macho. Alkali inatambaa chini ya rangi inayofunika njia za shaba, inaingia katika vitundu vinavyounganisha tabaka za ubao, na inajificha ndani ya soketi. Betri huwekwa mara nyingi karibu na tundu la kibodi, hivyo wa kwanza kuumia ni chipu ya kudhibiti kibodi, sloti za ISA na wakati mwingine soketi ya BIOS. Ndipo mnasikia milio 6 kwenye BIOS ya AMI. Milio hiyo inashtaki chipu ya kibodi au njia ya A20, na fundi anabadilisha chipu, milio inabaki ile ile, kisha ubao unatangazwa umekufa. Kumbe chipu ilikuwa nzima. Njia ya shaba itokayo pini ya 22 ya chipu ya 8042 ilikuwa imekatika. Multimita na uvumilivu vingeliona hilo.

Usafi wa kweli unafanywa hivi. Betri inaondolewa kwanza, kisha chipu zilizo kwenye soketi. Soketi iliyogeuka kijani ing'olewe pia. Siki inapakwa kwa mswaki laini mpaka mapovu yaishe, halafu ubao unasuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi wala asidi, kwa sababu siki ikiachwa nayo inakula shaba. Unamaliziwa kwa alkoholi ya isopropili na kuachwa ukauke kabisa. Baada ya hapo kwaruza rangi popote shaba ilipogeuka nyeusi, pima njia moja baada ya nyingine, na iliyokatika iunganishwe kwa waya mwembamba.

Natambua kwamba mali ya umma haiguswi bila kibali, na sipendekezi mtu avunje taratibu. Lakini mashine inayosubiri kufutwa kwenye orodha inaweza kukaa stoo miaka, na betri haisubiri kikao. Nimewahi kuomba kibali cha kuondoa betri tu, nikajibiwa kwamba kipande cha mali hakitenganishwi na mali. Stoo ilipofunguliwa, mali yenyewe ilikuwa imeliwa. Hilo linaniuma, kwa sababu lilizuilika kwa dakika chache za kazi.

Mapendekezo

Kila stoo yenye kompyuta za zamani ikaguliwe na betri ziondolewe, ziwe zimevuja au bado. Ofisi zitoe kibali cha jumla kwa kazi hiyo, betri iandikwe kwenye daftari la mali kuwa kifaa kinachokwisha, kama wino wa printa, ili mtunza stoo asiogope mkaguzi.

Walimu wa ufundi wafundishe tofauti ya alkali na asidi kabla ya kumkabidhi mwanafunzi mswaki. Siki kwa betri hizi. Magadi yabaki kwa betri za magari.

Fundi apime umeme, kisha B2, kabla ya kununua chipu yoyote. Aliyesikia milio 6 apime njia za shaba kwanza.

Anayerudisha betri asiweke ya lithiamu ya CR2032 mahali pa ile ya zamani bila dayodi, kwa kuwa ubao utajaribu kuichaji na haikuundwa kuchajiwa. Mbao nyingi zina pini 4 za betri ya nje. Zitumike hizo, kwa volti iliyotajwa kwenye mwongozo wa ubao, na betri ifungwe mbali na ubao.

Kadimi ni sumu. Glavu zivaliwe, na betri zilizotolewa zisichomwe wala kutupwa jalalani; zihifadhiwe kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko hadi zikabidhiwe kwa wanaoshughulikia taka hatari.

Narudia la stoo, kwa kuwa ndilo linaloweza kuanza kesho asubuhi: watunza stoo mliomo humu, ombeni kibali cha betri kwa maandishi, mkitaja idadi ya mashine na mahali zilipo, na nakala mbaki nayo.