Mbwa wa Nyumba Yenye Watoto

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba kila mwanafunzi ana kalamu na karatasi, kwa sababu leo tutaandika maswali matatu mafupi.

Somo la leo linahusu mbwa. Najua wapo watakaocheka na kusema, "Mbwa naye ana somo gani? Si humwokota tu, ukampa ugali, akalinda?" Ngojeni kidogo. Mbwa huishi miaka 10, pengine na zaidi. Ukileta mbwa leo, na mtoto wako ana miaka 3, mtoto huyo atafika darasa la saba na mbwa yule yule bado yumo nyumbani. Kwa hiyo humchagui mnyama wa msimu mmoja. Unamchagulia mtoto mwenzake wa kukua naye.

Najua pia kwamba wako wasikilizaji Waislamu. Wengi wao hufuga mbwa wa kulinda, wa kuwinda au wa kuchunga mifugo, lakini hawamwingizi ndani ya nyumba. Somo hili ni lao pia, maana mtoto hukutana na mbwa uani na njiani kama anavyokutana naye sebuleni.

Haya, tuanze.

SEHEMU YA KWANZA: JINA LA MBEGU

Mtu akitaka mbwa siku hizi, kwanza huuliza, "Ni mbwa wa mbegu gani?" Huonyeshwa picha katika simu, hutajiwa jina la kigeni, na jina likiwa zito bei nayo huwa nzito. Basi tuzitazame mbegu tatu zinazotajwa sana mijini kwetu.

Ya kwanza ni German Shepherd, ambaye wengi humwita mbwa wa polisi. Asili yake ni Ujerumani, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchunga kondoo. Chama cha kutunza mbegu yake kilianzishwa huko mwaka 1899. Ni mbwa mwerevu, hufundishika upesi, naye hupenda kazi. Lakini akikosa kazi na matembezi huchoka moyo, akaanza kubweka ovyo na kukimbiza watoto kama kwamba ni kondoo. Manyoya yake ni mazito, na joto la pwani humtesa.

Ya pili ni Rottweiler, naye pia ni wa Ujerumani. Dume aliyekomaa huwa na kilo 50 na zaidi. Sasa fikirini: mtoto wa miaka 5 ana kilo kama 18. Hata mbwa huyo akiwa anacheza tu kwa furaha, akimrukia mtoto humwangusha chini. Anahitaji mwenyewe aliye na nguvu, na nafasi ya kumfundisha kila siku.

Ya tatu ni Labrador. Wazee wake walitoka Newfoundland, nchini Kanada, ambako waliwasaidia wavuvi, kisha mbegu ikatengenezwa Uingereza. Kwa kawaida ni mpole kwa watoto. Lakini hupenda mno kula, hunenepa upesi, na mtu anayetaka mlinzi mkali atavunjika moyo, kwa sababu Labrador wengi huwa marafiki wa kila mgeni.

Kumbukeni na chakula. Mbwa wa kilo 40 hula karibu mara mbili ya mbwa wa kilo 15. Kama nyumbani mnapima unga wa watoto kwa kikombe, msilete mbwa wa kupimiwa kwa ndoo.

Je, na mbwa wetu wa kienyeji? Wako watu humwita mbwa koko na kumdharau. Si haki. Mbwa wa kienyeji ana mwili wa kadiri, manyoya mafupi, na huzoea jua letu. Hubweka mgeni akija, na kwa nyumba nyingi kazi ya mlinzi ni hiyo: kuamsha wenye nyumba. Tena sikilizeni habari hii. Katika Kongo kulikuwa na mbwa wa vijijini wasiobweka kama mbwa wengine. Katika miaka ya 1930 Wazungu waliwachukua baadhi yao mpaka Uingereza, wakawapa jina la Basenji, wakaandika vitabu vya ukoo wao. Leo huyo ni mbwa wa mbegu, naye huuzwa kwa fedha nyingi. Mbwa ni yule yule. Kilichoongezeka ni jina na karatasi.

Kwa hiyo jina la mbegu latueleza ukubwa wa mbwa, manyoya yake, na kazi aliyozaliwa kuipenda. Hayo yafaa kujua. Lakini halitwambii kama mbwa huyu, mmoja, atamwuma mtoto wako au hatamwuma. Hilo huletwa na mambo mengine.

Mwalimu, andika ubaoni maswali haya matatu, na kila mwanafunzi ayanakili:

1. Mama yake ni mbwa wa namna gani?
2. Amelelewaje?
3. Amechanjwa?

(Hapa darasa litanyamaza kidogo mpaka wote wamalize kuandika.)

SEHEMU YA PILI: MAMA YAKE NA MALEZI YAKE

Usinunue mbwa kwa picha. Nenda ukamwone mahali alipozaliwa, na umwone mama yake. Jike mwenye watoto ana haki ya kuwa na wasiwasi kidogo. Lakini kama mwenyewe akiwapo bado anataka kumrarua kila mtu, au anajificha akitetemeka, rudi nyumbani. Watoto hurithi tabia ya mama, tena hujifunza kwake kwa kumtazama.

Kisha chuchumaa chini, upige makofi polepole. Watoto wa mbwa watafanya mambo tofauti. Mmoja atakimbilia pembeni na hatoki tena. Mwingine atawakanyaga wenzake na kukuuma vidole bila kuacha. Yuko na wa tatu: atashtuka, atasimama, kisha atakuja kukunusa taratibu. Kwa nyumba yenye watoto, mchukue huyo wa tatu. Mwoga huuma kwa hofu, na mkorofi huuma kwa mazoea.

Mtazame mwili wake pia. Macho yawe safi, ufizi uwe na rangi nyekundu ya kupauka, ngozi isiwe na mabaka. Tumbo lililovimba kama ngoma mara nyingi si shibe, ni minyoo. Minyoo ya mbwa si ya kupuuzwa, kwa sababu mayai yake hukaa katika udongo, na mtoto anayechezea udongo kisha akatia mkono kinywani huyameza. Mpe mbwa dawa ya minyoo kama daktari wa mifugo atakavyoagiza, na kinyesi chake kifukiwe.

Asiachishwe mama kabla ya majuma 8. Akicheza na ndugu zake hujifunza kwamba kuuma sana kunaumiza. Na tangu juma la 3 hadi kama la 14 akili yake iko wazi kupokea mambo ya dunia. Katika siku hizo azoezwe kwa upole sauti za watoto, baiskeli, wageni, kuku na mbuzi. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Sasa nataka kusema neno juu ya desturi moja mbaya. Wako watu humfungia mbwa katika kibanda cha giza tangu asubuhi hadi usiku, au humfunga mnyororo mfupi mwaka mzima, ili awe mkali. Kweli atakuwa mkali, lakini ukali huo hauchagui. Siku mnyororo ukikatika, mwizi yuko mbali, na aliye karibu ni mtoto wako anayetoka kuchota maji. Mbwa hujua watu wa nyumbani kwa kukaa nao. Asiyekaa nao, watu wote kwake ni wageni. Kuna na mithali isemayo, mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Ukitaka kujua mbwa atakuwaje, mtazame mwenyewe.

SEHEMU YA TATU: CHANJO

Hapa, ndugu zangu, ndipo penye uhai na kifo.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaokaa katika mate ya mnyama mgonjwa, nao humwingia mtu kwa kuumwa, au kwa mate kugusa kidonda. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Asia. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wasiofika miaka 15. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hapana anayepona.

Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huzuilika. Mwaka 1885, huko Ufaransa, mtaalamu Louis Pasteur alimchanja mvulana wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mvulana alipona, akakua, na baadaye akawa bawabu katika taasisi ya Pasteur. Tangu siku hizo dawa imekuwa bora zaidi.

Mchanje mbwa wako akiwa na miezi 3, kisha mara kwa mara kama utakavyoambiwa na afisa mifugo. Mahali pengi ni kila mwaka. Tunza cheti chake pamoja na karatasi nyingine za nyumbani. Gharama ya kumchanja mbwa ni ndogo sana kuliko gharama ya kumtibu mtoto aliyeumwa. Na msimchanje mmoja mkawaacha wengine. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Katika kisiwa cha Pemba chanjo za mbwa zilifaulu kuukomesha. Ulipoingia tena kutoka nje, chanjo ziliongezwa, na ukakomeshwa mara ya pili.

Je, mtoto akiumwa tufanye nini? Sikilizeni sana.

Kwanza, osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi, yanayotiririka, kwa dakika 15. Usipake tope, wala mafuta, wala pilipili, wala majani.

Pili, mpeleke hospitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo kama mkwaruzo. Ataanzishiwa chanjo, na lazima azimalize zote kwa tarehe alizoandikiwa. Usiseme, "Kidonda kimekwisha kupona." Kidonda hupona, na ugonjwa ukaendelea kusafiri ndani ya mwili.

Tatu, mpashe habari afisa mifugo. Kama mbwa anajulikana na aweza kufungwa bila hatari, atatazamwa siku 10. Lakini usingoje siku hizo ndipo uende hospitali.

Mbwa akibadilika tabia, jihadharini. Mpole akiwa mkali bila sababu, au wa porini akija karibu kama amezoea watu, au akidondosha mate na kushindwa kumeza, au sauti yake ikigeuka, watoto waondoke na mtu mzima atoe habari.

SEHEMU YA NNE: KUMFUNDISHA MTOTO

Tumemchagua mbwa vizuri na tumemchanja. Bado upande mmoja: mtoto naye afundishwe. Mara nyingi watoto huumwa na mbwa wanaowajua, wala si na mbwa wa njiani tu.

Mwambieni mtoto hivi: mbwa akila, mwache. Akilala, mwache. Akinyonyesha, mwache. Usimvute mkia, usimkumbatie shingoni, usimtupie mawe. Mtoto wa chini ya miaka 6 asiachwe peke yake na mbwa ye yote, hata awe mpole namna gani.

Mbwa wa kigeni akimjia njiani, mtoto asikimbie, kwa sababu mbwa hufuata kinachokimbia. Asimame kama mti: miguu pamoja, mikono chini, macho chini, kimya. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe, afunike shingo na masikio kwa mikono. Leo mkirudi nyumbani, wachezesheni watoto mchezo huu wa mti na jiwe. Watacheka, lakini watakumbuka.

Basi, ndugu wasikilizaji, tukusanye maneno yetu. Mtu asikuvute kwa jina la mbegu. Uliza ukubwa wake kama unaweza kumlisha. Kisha soma maswali yako matatu uliyoandika: mama yake, malezi yake, chanjo yake. Mbwa wa kienyeji mwenye majibu mema kwa yote matatu ni bora kuliko mbwa wa bei kubwa asiye na jibu hata moja. Na ukiona leo huwezi kumlisha, kumchanja na kukaa naye, ngoja. Kungoja mwaka mmoja si aibu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini haifai kununua mbwa kwa kutazama picha tu?
2. Mtoto wa jirani ameumwa na mbwa, na bibi yake anataka kumpaka majani. Utamwambia nini bibi huyo kwa heshima?
3. Hesabuni mbwa walio katika mtaa wenu. Wangapi wamechanjwa? Kama hawafiki 70 katika 100, darasa laweza kufanya nini?
4. Soma kwa sauti: chanjo, mate, kidonda, sabuni, malezi. Tunga sentensi moja kwa kila neno.

Katika somo lijalo tutazungumza juu ya kisima na maji ya kunywa. Kwa herini.