Usharika Usiomsubiri Mchungaji: Mada kwa Semina ya Wachungaji, Wainjilisti na Wazee wa Kanisa

Kila mwisho wa mwaka tunajaza taarifa ya usharika: waliobatizwa, waliopata kipaimara, ndoa zilizofungwa, waliofariki, matoleo ya bahasha na ya mnada wa mazao. Takwimu hizo zina kazi yake, na asiyezitunza asilalamike dayosisi ikimkadiria vibaya. Ila hakuna safu inayouliza ni ndugu wangapi waliokuwa hawasalimiani wamepatana, wala ni nyumba ngapi zinasali jioni bila kungoja mgeni mwenye kola. Hoja yangu ni kwamba tumaini la mchungaji kwa washarika wake lipimwe kwa yale wanayoyafanya yeye akiwa hayupo, na kwamba sehemu kubwa ya huduma yetu, kwa nia njema kabisa, inawazoesha kutusubiri.

Tumwangalie Paulo. Kuhusu Thesalonike, kitabu cha Matendo kinataja sabato tatu tu alizohojiana na watu katika sinagogi, kabla ya fujo iliyofanya aondoshwe mjini usiku. Baadaye, akiwa Athene, alimtuma Timotheo akaone hali yao. Habari iliyomfurahisha ilikuwa ya imani na upendo wao. Idadi yao haitajwi. Naye hakuwaandikia waanze mambo mapya, aliwasihi wazidi katika yale waliyokwisha kuyashika. Wafilipi aliwaombea upendo wao uongezeke pamoja na ujuzi na utambuzi, kisha akawataka watii asipokuwapo hata kuliko alipokuwapo. Aliyasema hayo akiwa kifungoni, hana uhakika wa kuwaona tena.

Historia yetu inasema vilevile. Vita ya Kwanza ya Dunia na matokeo yake iliwaondoa wamisionari Wajerumani katika nchi hii ya Tanzania; Bruno Gutmann wa Old Moshi alifukuzwa mwaka 1920. Walutheri wa Marekani walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache mno kwa eneo lote lile. Walioendelea kufundisha katekisimu, kuzika na kusuluhisha ugomvi wa vihamba (mashamba ya ukoo) walikuwa walimu na wainjilisti Waafrika, wengi wao bila ubarikio wa kichungaji. Sharika hazikufa. Miaka ya 1930 Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, ukafika Uganda, Buhaya na Kenya, ukibebwa sana na watu wa kawaida waliokutana kila wiki kusoma Neno na kuungama wazi wazi: deni lisilolipwa, kitu kilichoibwa na sasa kinarudishwa kwa mwenyewe. Kuna mchungaji aliyeungamiwa mbele ya kundi kwamba amechukiwa kwa miaka, na kuna aliyelazimika kuungama yeye. Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Walutheri Duniani, alikuwa mtoto wa Uamsho huo.

Nimeshasikia pingamizi: kundi lisilo na mchungaji huvamiwa na mbwa mwitu, na siku hizi mbwa mwitu wanauza maji ya upako na mafuta kwa bei ya kutisha. Ni kweli. Uamsho wenyewe ulizaa makundi yaliyojitenga, na waliookoka waliowapima wenzao kwa mavazi. Lakini Paulo alipowaonya wazee wa Efeso juu ya hatari hiyo hiyo, hakurudi kuwalinda. Aliwakabidhi kundi, akapanda merikebu. Ndiyo maana ule utambuzi aliowaombea Wafilipi una uzito. Mkristo aliyezoea kulishwa mahubiri kila Jumapili bila kuulizwa swali ndiye atakayenunua chupa hiyo kwanza, maana hajawahi kupima neno la mtu yeyote, hata letu.

Wengine watasema washarika wenyewe hawataki. Jumuiya inakutana Jumamosi alfajiri, somo linasomwa, kisha macho yote kwa mwinjilisti. Asipofika, wimbo mmoja, matangazo, watu wanatawanyika. Sikubali kwamba huo ni uvivu. Kijana husoma kipaimara miaka miwili kwa kukariri majibu tuliyoyaandika sisi, akishabarikiwa hapewi kazi yoyote kanisani isipokuwa kwaya. Tumlaumu kwa kunyamaza alfajiri ile?

Napendekeza tuanze na likizo zetu. Kwa kawaida mchungaji akienda likizo hutafutwa mchungaji wa usharika jirani kushika nafasi. Kwa Sakramenti aitwe, ndio utaratibu. Lakini kwa mafundisho, ziara za wagonjwa, usuluhishi na ibada za jumuiya wapangwe wazee na washarika kabla hajaondoka, na simu yake isipigwe ila kwa jambo zito. Taarifa ya mwezi huo iandikwe na wazee, isomwe mbele ya usharika mzima, mchungaji akiwa amekaa kwenye benchi anasikiliza.