Je, tutakula sauti? Maneno ya komite juu ya miti ya Kafubu



Leo hatuanzi na hesabu ya kasha. Tunaanza na mto.

Wengi wetu tulivuka mpaka mwezi wa 12 mwaka 2000, vita vilipofika Pweto. Tukakaa Zambia miaka mingi, mu kambi za Kala na Mwange, mpaka tuliporudishwa kati ya 2007 na 2010. Kisha maisha yakatuleta hapa Lubumbashi. Sasa, maji ya Kafubu tunayonyweshea bustani yanaendaka wapi? Yanaingia Luapula. Luapula inaingia ziwa Mweru. Na Mweru inatokea Pweto, pale mto Luvua unaanzia. Maana yake, maji yanayopita miguuni petu leo yanapita kando ya nchi tulikokimbilia, halafu yanafika kule tulikotokea.

Kule kambini usiku hatukuzungumza sana juu ya nyumba, juu nyumba zilikuwa zimechomwa. Tulizungumza juu ya sauti. Tai wa ziwa asubuhi. Vyura siku ya mvua ya kwanza. Kulukulu akipiga kelele ndani ya mukuyu. Na ndege ile ya kuitisha mvua, sauti yake kama maji yanatoka mu chupa. Watoto waliozaliwa kambini tuliwafundisha kuiga sauti hizo, ili siku ya kurudi wajue wamefika.

Tulipoanza kulima Kafubu, nyingi tulizikuta. Leo ukisimama mu bustani saa kumi na mbili asubuhi, unasikia shoka, halafu pikipiki iliyobeba saki za makala. Kulukulu unaweza kumngoja juma nzima.

Tusiseme ni wageni wamefanya. Njo sisi. Franka ya kwanza ambayo wengi wetu tulipata hapa ilitoka mu makala. Ililipa nyumba, ililipa masomo. Mji huu unapikia makala, na umeme ukikatika, hata mwenye jiko la umeme anakuja kununua.

Lakini muti mkubwa uko na kazi ingine. Mwaka 1873, Livingstone alipokufa kwa chifu Chitambo, upande wa kusini wa Bangweulu, Chuma na Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya muti ule tunaita mupundu. Jacob Wainwright akachonga maandishi kwenye muti, ndipo wakabeba mwili mpaka pwani. Walipotaka neno lao libaki pale, waliliachia muti. Mwaka 1899 muti uliangushwa, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Leo pale kuna mnara.

Sisi pia tulikuwa na miti yetu: mikuyu mitatu ya kwenye kivuko. Chini yake tulifanya mkutano wa kwanza, na pale njo tulifungua kitabu cha michango. Leo imebaki miwili. Wa tatu uliangushwa na mmoja wetu. Mtoto alikuwa mgonjwa, dawa zilihitajiwa siku ileile. Mnajua mukuyu ni muti laini, makala yake haina nguvu. Saki alizopata zilikuwa chache, na bei ilikuwa ndogo. Hatukumhukumu. Tulijiuliza swali moja tu: siku ile, kasha letu lilikuwa wapi? Alikuja kuomba mkopo, tukamwambia angoja mkutano wa mwisho wa mwezi.

Basi muti ule tuliuangusha sisi wote.

Kijana mmoja alituuliza: «Na sasa mnataka tuache kukata, tutakula sauti?» Ni swali la haki. Tunajibu hivi. Mizizi ya mukuyu njo inashika udongo wa kando. Pale tulipoiondoa, mvua imeshakula mistari ya mboga. Ndege na popo wanaokula matunda yake wanapanda mbegu bila kulipwa. Na udongo ukisha kufa, kuurudisha ni kazi kubwa: tazameni Penga Penga, ambako moshi wa kiwanda cha shaba, kilichoanza 1911, uliacha ardhi tupu.

Tena iko sheria. Kodi ya misitu ya mwaka 2002, kifungu cha 48, inakataza kufyeka miti kwa metre 50 kila upande wa mto, na metre 100 kuzunguka chemchemi. Tusingoje mtu wa serikali aje kutuambia.

Komite inaleta mambo manne, mtapiga kura leo.

Moja: hakuna memba atakayekata muti ndani ya zile metre 50. Mboga iliyopo ibaki, shoka hapana.

Mbili: wanaochoma makala mbali na mto waache visiki vikiwa hai. Miti ya miombo inachipuka tena, lakini moto wa mwisho wa kiangazi unaua machipukizi. Kwa hiyo hakuna kuchoma majani mwezi wa 9 wala wa 10.

Tatu: kasha la ugonjwa litengwe na lifunguliwe siku yoyote, kwa sahihi za watu wawili, bila kungoja mkutano.

Ine: mvua hizi tupande matawi ya mukuyu pale wa tatu uliposimama.

Wafadhili wetu, mnatuulizaka msaada wenu unafanya nini. Mwaka huu tunaomba hasa kwa jambo la tatu. Miche tutaitafuta wenyewe. Lakini kasha likiwa na kitu usiku mtoto anapoungua na homa, mikuyu miwili itasimama.

Sasa tuinue mikono.