Kuku akikimbia
(Neno la mwanamemba mmoja kwenye mkutano mkuu)



Komite iliniomba niseme namna ya kuwapokea wale wanaorudi mikono mitupu. Nitapitia Kikantoni, luga tuliyoisikia kila siku sokoni kule Guangzhou.

Kule, mtu akifukuzwa kazi wanasema "chau yauyu", ni kusema kukaanga ngisi. Ngisi ni mnyama wa bahari. Vipande vyake ukivitia katika mafuta ya moto, vinajikunja. Zamani mfanyakazi alilala kwa tajiri wake. Akifukuzwa, anakunja matandiko yake na kwenda, kama ngisi katika kikaango.

Biashara ikianguka, "jap lap": kukusanya vikapu. Ukiomba na kukataliwa, umekula limau. Bahati ikikuponyoka, "jau gai": kuku amekimbia.

Miye vilevile nilikusanya vikapu. Niliporudi hapa, miezi minne nilizunguka nyuma ya soko ili musinione. Nilikuwa na neno moja tu kichwani: nimeshindwa. Siku moja mama mmoja wa shirika letu akanikuta kwenye njia, akauliza kwa sauti ndogo: "Papa, jap lap?" Tulicheka mpaka machozi. Kesho yake nikaandikisha jina, na mkopo wa kwanza nikanunua sabuni za kuuza. Leo nimeumaliza.

Lakini kuna maneno mawili ya kutuonya. "Fong feigei", kurusha ndege: unaahidi utafika, mwenzako anangoja, haufiki. Wenye mikopo, siku ya kurudisha tusirushe ndege. Kama haiko, kuja useme haiko. La pili ni "sik sei mau", kula paka mfu: kubebeshwa kosa la mwingine. Tukirusha ndege, sanduku linapungua, na mwenye kulinda sanduku ndiye anakula paka. Si haki.

Wafadhili wetu, sanduku munalosaidia linatosha tu kama watu wanalijua na hawaogopi kulikaribia. Mtu mwenye haya hafiki.

Basi, mukimwona ndugu aliyerudi anajificha, musimuulize alipoteza dola ngapi. Mumuulize kama kuku alikimbia. Atacheka, kisha atasema yote.