Mpini wa Panga na Afya ya Mkono Wako

Leo hatuzungumzii malaria wala maji safi. Leo nakuomba uende pale unapoweka panga lako, nyuma ya mlango au juu ya dari, ulilete hapa karibu. Na wewe unayesoma mazungumzo haya kitabuni, weka kitabu chini kwanza ukalilete. Watoto wasogee mbali kidogo.

Umelishika? Sasa sahau makali. Tazama mpini.

Tukienda dukani kununua panga, iwe Ukunda, Kinango au Lunga Lunga, wengi wetu tunapitisha kidole kwenye makali, tunagonga bapa tusikie mlio wake, kisha tunauliza bei. Mpini hatuuangalii. Na hali makali utayanoa mwenyewe kwa tupa hata kama yamekuja butu, lakini mpini mbaya utakutesa kuanzia siku ya kwanza mpaka utakapoubadilisha. Pwani tukisema fulani ameshika mpini, maana yake ndiye mwenye nguvu. Je, kama mpini wenyewe unamteleza?

Nianze na kijana mmoja niliyemfahamu, muuza madafu wa barabara ya kwenda ufuoni Diani. Jina lake nitalihifadhi. Panga lake lilikuwa na mpini wa plastiki nyeusi, laini kama chupa. Unajua kazi ya madafu: mkono wa kushoto umebeba dafu, wa kulia unachonga, na maji ya dafu yanamwagika kutwa. Siku moja panga lilizunguka mkononi, likapiga upande, likakata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Damu haikuwa nyingi. Akafunga kitambaa, akapaka unga wa kahawa, akaendelea na biashara. Jeraha lilifunga vizuri. Lakini vidole vile viwili havikukunja tena. Alipokwenda hospitali, wiki kadhaa zilikuwa zimepita na kano zilizokatika zilikuwa zimejivuta ndani. Leo hawezi kushika dafu kwa mkono ule.

Kisa hiki nitakirudia mbele. Kwanza tujifunze kupima mpini.

Shika panga kama unavyolishika kazini. Tazama kidole gumba. Kikifika kwenye ncha ya kidole cha shahada, au kikaipanda kidogo, unene wa mpini unakufaa. Gumba likipita mbali mpaka linagusa kiganja, mpini ni mwembamba mno, na utalazimika kuubana kwa nguvu kila unapopiga. Kama gumba na kidole cha shahada havikaribiani kabisa, mpini ni mnene mno, na vidole vitachoka kabla ya jua kupanda. Wataalamu wa usalama kazini hupendekeza unene wa sentimita 3 hadi 5 kwa chombo kinachoshikwa kwa nguvu, na urefu wa sentimita 10 hadi 15.

Urefu nao ni jambo kubwa. Vidole vyote vinne vikae juu ya mpini, na kitako cha mpini kitokeze kidogo nje ya kiganja. Mpini mfupi huishia katikati ya kiganja, na kila pigo husukuma kitako kile ndani ya nyama. Hapo kwenye kiganja ndipo inapopita mishipa ya damu na mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye vidole. Ukiamka usiku ukakuta gumba, kidole cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, unavikung'uta ndipo vizinduke, usiseme tu kwamba umelalia mkono. Jiulize ulishika nini mchana, na hali hiyo ikiendelea nenda zahanati.

Hapa niseme na akina mama. Mama, wewe ndiye unayechanja kuni, unayemenya muhogo na kuvunja nazi kwa mgongo wa panga. Mara nyingi panga hilo ni la mzee, limenunuliwa kwa mkono wa mzee. Mkono wako ni mdogo, unaubana mpini kwa nguvu mara mbili, halafu jioni unaambiwa mbona unalalamika kifundo cha mkono. Kama uwezo upo, nunua panga lako dogo. Kama haupo, mpini unaweza kupunguzwa kwa tupa ya mbao na msasa, na mzee atazoea.

Sasa umbo. Mpini wa mviringo kabisa, kama mti wa ufagio, ni mzuri kwa jembe kwa sababu mikono miwili inaushika. Kwa panga ni hatari. Mkono mmoja uliolowa jasho haujui makali yameelekea wapi, na panga huzunguka. Mpini ulio bora una umbo la yai ukiutazama kwa kitako: mrefu kidogo kuelekea kwenye makali, mwembamba kidogo mbavuni. Hata gizani kiganja kinajua makali yako wapi. Bapa tupu nalo halifai. Ile mipini ya vipande viwili vya mbao, vimepigwa ribiti na kuachwa na kona nne kali, ndiyo inayoleta malengelenge kwenye shina la vidole. Habari njema ni kwamba kona hizo zinaondoka kwa nusu saa ya msasa. Mafundi wa zamani walitumia kigae cha chupa, wakiparuza taratibu mpaka mti unakuwa laini.

Kuna pia mipini iliyotengenezwa na mabonde ya vidole. Dukani inapendeza sana. Mimi siipendi. Mabonde yale yamepimwa kwa mkono wa mtu mwingine. Vidole vyako vikiwa vinene au vyembamba zaidi, utakalia matuta badala ya mabonde. Isitoshe, mkata vichaka husogeza mkono: mbele anapochonga, nyuma anapotupa pigo refu. Mabonde yanakukataza. Ninachotaka kukiona kwenye mpini ni kitako kilichopinda chini kama mdomo wa kasuku, ili panga lisichomoke mkononi ukilirusha kwa nguvu, na mbele yake uvimbe mdogo wa kuzuia kidole cha shahada kisiteleze kuingia kwenye makali. Panga la kawaida halina kizuizi kingine chochote hapo.

Tuje kwenye plastiki na mti. Plastiki haiozi, haipasuki kwa mvua, haihitaji kutunzwa. Lakini ikilowa inateleza, na jua likiipiga inakuwa ya moto. Mti hunywa jasho kidogo, na ukishikwa miezi mingi unapata umbo la mkono wako. Ubaya wake ni kwamba hukauka na kunywea, ribiti zikalegea. Tikisa panga lako sasa hivi karibu na sikio. Likilia tiki-tiki, usilipeleke shamba kesho. Mpini uliolegea hukutia mtikisiko mpaka kwenye kiwiko, na siku moja utabaki na mbao mkononi huku chuma kimeruka. Mpeleke fundi akaze ribiti au akuwekee mpini mpya wa mpera au mkwaju, miti migumu isiyopasuka ovyo. Usikubali aupake vanishi ya kung'aa. Inateleza kuliko plastiki.

Wengi mtaniuliza juu ya tyubu ya baiskeli. Kuzungushia mpini ukanda wa tyubu ni dawa nzuri ya mpini unaoteleza, na kwa muuza madafu au mvuvi ningesema afanye leo. Yule kijana angefanya hivyo, pengine vidole vyake vingepona. Lakini ufungue ukanda kila baada ya wiki chache. Maji hukaa chini yake, mti unaoza, chuma kinaota kutu, na ribiti zikilegea huzioni. Na ukifunga, kumbuka unene unaongezeka. Rudia kile kipimo cha gumba.

Kila kazi ina mpini wake, na hili wazee walilijua zamani. Mtazame mgema. Kotama yake ni nyepesi, kwa sababu yeye hapigi, anakata kipande chembamba cha karara asubuhi na jioni, akiwa juu ya mnazi amejishika kwa mkono mmoja. Anahitaji mpini mwembamba wa kushikwa kwa vidole, na ala imara kiunoni, kwani kotama ikiangushwa kutoka juu humkuta aliye chini. Mtu wa kufyeka vichaka Shimba Hills anahitaji mpini mrefu zaidi, wenye kitako kilichopinda. Wazee waliokata miwa Ramisi kabla ya kiwanda kufungwa mwaka 1988 watakuambia habari za mgongo. Muwa hukatwa chini kabisa karibu na udongo, maelfu ya mapigo kwa siku, na mwenye panga fupi la mpini mfupi huinama zaidi ya mwenzake. Ukifanya kazi ya namna hiyo, badilisha mkao kila baada ya muda, na unoe mara kwa mara, maana panga butu linahitaji nguvu zaidi, na nguvu zaidi ni kubana mpini zaidi. Nawe mwajiri, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inakutaka umpe mfanyakazi vifaa vya kujikinga bila kumtoza pesa.

Kuhusu glavu: za pamba huteleza kwenye mpini, kwa hiyo kwa mkono wa panga mimi huona heri mkono mtupu mkavu. Glavu nzito ivae mkono wa pili, ule unaoshika. Huo ndio unaokatwa.

Lengelenge likishatokea, usilipasue. Ngozi ile ya juu ni bendeji uliyopewa bure. Lisafishe kwa maji na sabuni, ulifunike, upumzishe mkono. Likipasuka lenyewe, lioshe na kulifunika. Likitoa usaha, au wekundu ukipanda kuelekea kifundo, nenda ukatibiwe.

Sasa nirudi kwa kijana wetu. Ukijikata, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, uinue mkono juu ya moyo, uendelee kukandamiza dakika 10 bila kuchungulia. Kisha lioshe kwa maji mengi safi. Usitie kahawa, wala mafuta ya taa, wala tumbaku, wala udongo. Halafu fanya jaribio hili: kunja kila kidole, kinyooshe, na uguse ncha yake. Kidole kisichokunja, kisichonyooka au kisichohisi kimekatwa kano au mshipa wa fahamu, hata kama jeraha ni dogo kama la wembe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, Msambweni, Kwale au Kinango, popote palipo karibu. Ukiambiwa uendelee hadi Mombasa, nenda. Kano iliyokatika huungwa vizuri katika siku za mwanzo. Wiki zikipita, kazi ni ngumu na mara nyingi kidole hakirudi kama zamani.

Kidole kikikatika kabisa, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, kisha uweke mfuko huo juu ya barafu. Barafu isiguse nyama yenyewe. Kwa walio Gazi, Shimoni au Vanga, ombeni barafu kwa wavuvi, hawatawanyima.

Jambo la mwisho ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, na panga linashinda humo humo. Mama mjamzito hupewa chanjo yake kliniki, mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Lakini wewe mwanamume uliyevuka miaka 30, mwenye panga mkononi kila siku, mara ya mwisho ulichanjwa lini? Kinga hupungua mwaka hadi mwaka. Ukipata jeraha lenye uchafu na miaka 5 au zaidi imepita tangu uchanjwe, au hukumbuki kabisa, mwambie mhudumu wa afya hivyo hivyo, akuchome sindano. Ugonjwa huu huanza kwa taya kukakamaa, kwa kawaida kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha, wakati kidonda chenyewe pengine kimeshafunga na umeshakisahau. Ukifika hapo, hospitali nzuri pia inaweza kushindwa.

Haya, lirudishe panga mahali pake, mpini ukielekea kwako na makali yakiwa ndani ya ala. Kama huna ala, kipande cha mpira wa gari kilichopasuliwa kinatosha. Wiki ijayo tutazungumza juu ya kuumwa na nyoka shambani, na kwa nini usifunge kamba mguuni. Kwaheri.